Kiganja Juu ya Kikombe

Nimemkumbuka leo, mwanangu, yule mzee aliyekuwa hajaota ndevu. Nilikuwa nimekaa na wajukuu tunakula, mmoja akaisukuma sahani aliyopakuliwa na bibi yake, hakusema neno, akanyanyuka akenda zake. Sikumgombeza. Moyo wangu ulikuwa umeshanirudisha Chokocho, kule Pemba, kwenye juma moja la ujana wangu, miaka michache kabla ya vita vya pili vya dunia, nikaona afadhali niandike. Mambo ya namna hii yakisemwa wakati wa kula huwa ugomvi.

Nilikuwa kijana wa kuota ndoto mchana. Chuo cha Kurani nilikwisha hitimu, skuli ya serikali nilipita madarasa machache, na Kiingereza changu kidogo nilikivaa kama kanzu ya Idi. Kila nikilala chali najiona niko Amerika. Basi sheha, mkuu wa mji wetu, aliponiita Jumamosi moja akaniambia kuna kijana wa Kiamerika kaletwa, anatafutiwa mtu wa kumfasiria kwa juma moja, nilikubali hata hajamaliza kusema.

Kijana huyo hakuwa peke yake. Alikuwa na mwenzake, na wote wawili walikuwa Wamormoni, Wakristo wa dhehebu ambalo huwatuma vijana wake nchi za mbali kutangaza dini, wawili wawili, bila mshahara. Walikuwa wamemaliza kazi yao kusini mwa Afrika, wako melini wanarudi kwao, mwenzake akashikwa na homa. Wakateremshwa Mkoani, mgonjwa akalazwa hospitali, na daktari hakutaka mtu alale karibu naye. Chumba kilichopatikana kilikuwa kwetu, nyuma ya duka la Ramji, Mhindi wa Kibanyani aliyekuwa akituuzia mchele na vitambaa. Sheha alimpa ruhusa ya kutembea na kusalimia watu, ila asiwakusanye kuwahubiria. Akakubali kwa moyo mmoja.

Nikamuuliza jina lake. Akanambia kwa Kiingereza kuwa anaitwa Mzee Klaidi. Nikadhani sikusikia vizuri, nikamuuliza tena. Mzee, akasema, ndivyo wanavyoitwa wote wanaotumwa kazi ile. Na mwenyewe namtazama: mashavu mekundu kama ya mtoto, shati jeupe, tai shingoni katika jua lile. Nikawafasiria watu wa barazani kama nilivyoambiwa.

"Mzee?" akasema Shaame, jirani yetu, mtu ambaye mdomo wake haukuwa na siku ya mapumziko. "Hebu muulize wajukuu kawaachia nani."

Watu wakacheka, na Klaidi naye akacheka hajui anachekea nini, na kwa hilo nikampenda. Tokea pale jina lake likawa Mzee Kijana.

Jumapili alisali peke yake chumbani, akaimba nyimbo za dini yake kwa sauti ambayo watoto walikusanyika dirishani kuisikiliza. Kisha akaenda Mkoani kwa miguu kumtazama mgonjwa wake, akarudi na vumbi mpaka magotini. Jumatatu akanambia hawezi kukaa bure. Alizoea kwenda nyumba kwa nyumba, na kama haruhusiwi kuhubiri basi atapiga hodi na kusalimia tu. Nikamfundisha shikamoo. Akawa anampa kila mtu, hata watoto wadogo, nao wakawa wanajipanga njiani kuipokea. Akamkuta mtu anaezeka nyumba, akapanda kumsaidia na viatu vyake vizito, akavunja makuti kuliko aliyoyafunga. Hakuna aliyekasirika. Ungemwona usingekasirika.

Lakini kila nyumba tuliyoingia tulikaribishwa kahawa, na kila nyumba hakunywa. Mie nilitazama pembeni. Niliona haya kumuuliza, nikajisemea huenda tumbo lake halipatani na maji yetu.

Ndipo tukafika kwa bibi yangu mzaa mama, Bi Mize.

Bibi alikuwa mjane, kazi yake kupika mikate ya mofa, ile ya mtama inayobandikwa ndani ya chungu kikubwa cha moto, chenyewe kikiitwa mofa. Alfajiri watu walipita barazani kwake kununua mikate, na kahawa aliwanywesha bure. Mkate ule ndio ulionivisha na kunisomesha. Na nikwambie jambo jingine ili uelewe. Zamani, mimi sijazaliwa, mke mwenziwe alikula kwake jioni, asubuhi akafa. Maneno yalisemwa. Miaka ikapita, maneno yakalala, lakini Pemba maneno kama hayo hayafi. Kwetu mtu akikataa chakula chako bila sababu, si chakula anachokataa. Anakwambia anaogopa ulichotia.

Jumatatu ile ile baraza lilikuwa limejaa. Bibi akammiminia mgeni kahawa kwa mkono wake mwenyewe. Klaidi akatabasamu, akasema "Asante," akaweka kiganja juu ya kikombe. Bibi akadhani anaogopa kuungua, akangoja kidogo, akakisogeza tena. Klaidi akakifunika tena.

Shaame akakiweka chini kikombe chake, polepole, kingali kimejaa.

"Hawa Wazungu wana elimu zao," akasema. "Mtu hafuniki kikombe bure."

"Shaame," akasema bibi, "kikombe hicho umekinywea tangu hujajua kujifunga kikoi."

"Kweli, bibi. Lakini mie sina elimu."

Jumanne walikuja wachache. Jumatano kapu la mikate lilirudi jikoni kama lilivyotoka. Tukaila mikate ile mimi na bibi, asubuhi, mchana, tena na asali, mpaka meno yakachoka. Bibi hakulalamika. Alizoa majivu ya mofa, akaisugua pembeni kwa kitambaa, akanambia, "Kesho siwashi." Nikajua anachokisema. Mofa ile ikizimwa kwa sababu ile, haiwashwi tena, na yeye ataishi miaka iliyombakia akiitwa jina ambalo silitaji hapa.

Nikaenda dukani kwa Ramji nikiwa na hasira. Klaidi alikuwa kaketi juu ya gunia la mchele anajifunza kuhesabu kwa Kiswahili.

"Kwa nini hunywi kahawa yetu?" nikamuuliza, hata salamu sikutoa.

Akashangaa. "Dini yangu inanikataza. Kahawa, chai, tumbaku, pombe, vyote."

"Basi mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza. Nikaona kumwambia mtu nakataa chako ni ukosefu wa adabu, afadhali nicheke."

Nikamweleza kila kitu, ya mke mwenza na ya kapu lililorudi. Uso ulimbadilika, mwanangu. Alilegeza ile tai ambayo hata jua la adhuhuri halikuilegeza, akainama, akashika kichwa. Ramji alikuwa anapima sukari, na kwa Kiingereza chake cha dukani alisikia yote.

"Mimi miaka yote niko hapa sijala katika chungu cha mtu," akasema Ramji. "Samaki sili, nyama sili. Kuna aliyeninunia?"

"Hakuna."

"Kwa sababu nilisema siku ya kwanza, mlangoni, kabla watu hawajapika. Sasa harusini watu wenyewe wananiwekea ndizi. Wewe, Mzee Kijana, ulingoja mpaka kikombe kimejaa."

Jioni ile nilipita mabaraza yote kueleza. Nilidhani Kiingereza changu kimeokoa nyumba. Hakuamini hata mmoja.

"Pombe, sawa," akasema Shaame. "Tumbaku, haya. Lakini kahawa? Masheikh wetu wanakunywa kahawa. Dini gani hiyo? Huyo kaona kitu, na wewe unamficha bibi yako."

Basi nikapata werevu wangu. Alhamisi nikaangua dafu, zuri, la maji mengi, nikampelekea bibi nikamwambia, "Bibi, kesho watu wakitoka msikitini namleta Mzee Kijana. Utampa dafu hili mbele yao, atakunywa mpaka tone la mwisho. Dini yake hailikatazi. Maneno yatakwisha."

Nilisema hivyo nimesimama kifua mbele, nangoja kusifiwa. Bibi alilichukua dafu, akaligeuza huku na huku, akanirudishia.

"Dafu hili kalifunga nani?"

"Mungu, bibi."

"Basi akilinywa kamwamini Mungu, na mimi kaniacha palepale. Shaame atasema, mnaona, hata leo kachagua kilichofungwa. Unataka kunitetea kwa kitu ambacho mkono wangu haukukigusa?" Akakaa kitako, akanitazama kwa upole uliouma kuliko kofi. "Mjukuu wangu, unapenda njia nyepesi kwa kuwa una akili nyepesi. Mtu akivunjiwa heshima yake, usimletee kiraka. Huyo mgeni kama ni mtu, na aje ale kilichotoka chunguni mwangu. Na asije kwa kunionea huruma. Aje na njaa."

Nikaenda nikamfasiria Klaidi neno kwa neno. Akauliza jambo moja tu: bibi anawasha moto saa ngapi?

Ijumaa jua halijatoka alikuwa keshafika uani, mikono ya shati imekunjwa, tai hana. Bibi hakumwonea haya. Alimpasulisha kuni, akamtekesha maji kisimani, akamtwangisha mtama mpaka viganja vikatoka malengelenge. Kila akitaka kupumzika bibi anamwambia, "Mzee, bado," na yeye neno hilo alishalijua, anarudi kazini. Mofa ikawaka. Bibi alibandika mikate kwa mkono ule ule uliosemwa, na mchuzi wa pweza ukachemka pembeni.

Watu walipotoka msikitini, mkeka ulikuwa umetandikwa barazani. Klaidi akanawa, akaketi. Kwanza akasimamisha kidole kuomba kusema, akasema maneno niliyomfundisha usiku wa kuamkia siku ile:

"Bi Mize, shikamoo. Kahawa dini yangu hainiruhusu. Kosa langu, sikusema. Chakula naomba."

Bibi akampakulia. Kijana akakitazama kikono cha pweza, na kikono nacho kama kinamtazama. Kisha akala. Alikula kama mtu aliyetwanga tangu alfajiri, na ndivyo alivyokuwa. Akaumega mkate wa pili, akapangusa sahani, akanyanyua uso wake wenye mchuzi mpaka puani akasema, "Bibi, nimeshiba. Niongeze."

Wanawake waliokuwa uani wakacheka kwa sauti. Shaame tu ndiye aliyebaki na lake.

"Njaa hiyo," akasema. "Mwenye njaa hachagui."

Klaidi hakufahamu alichosema. Alinigeukia akanambia kwa Kiingereza. Alisema mwenzake tangu jana homa imemshuka, ameanza kuomba chakula, na yeye anakwenda Mkoani mchana huu. Je, bibi anaweza kumfungia mikate ampelekee?

Nikafasiri. Watu wote walisikia. Mwanangu, mimi sikumfundisha hilo, wala bibi hakulifikiria. Bibi aliingia ndani, akakawia, akatoka na mikate imefungwa kwa jani la mgomba, na macho yake mekundu. Alisema ni moshi.

Sheha alikuwa amesimama pale muda wote na tasbihi yake. "Mtu hampelekei mgonjwa wake kitu anachokitilia shaka," akasema, akavua viatu, akaketi mkekani. "Mize, nami nipe."

Wakaketi wengine. Shaame alisimama, akahama mguu huu, akahama ule, mwisho akasema, "Bibi, imebakia?"

"Ya leo imekwisha."

"Ule pale kapuni ni nini?"

"Ule wa mwenye elimu. Wewe njoo kesho."

Na kesho yake alikuja, wa kwanza kabisa, giza halijaondoka vizuri, akanywa vikombe vya kahawa mpaka bibi akamwuliza kama anataka kuhamia. Klaidi na mwenzake walipanda meli yao. Hakutuacha Wamormoni, wala sisi hatukumfanya Mwislamu, na hakuna aliyejaribu. Mimi Amerika sikufika. Lakini mofa ile iliwaka mpaka bibi alipoondoka duniani, na waliomzika walikuwa ni watu waliokula mkononi mwake.

Sasa nikuusie, mwanangu, wewe unayekwenda kukaa na watu usiowajua. Mwiko wako ushike, usiuonee haya, huna haja ya kuuvunja ili upendwe. Ila useme mapema, mlangoni, kwa mdomo wako, kabla mtu hajakuhangaikia. Tabasamu halitoshi. Kila mji una maana zake, na ukinyamaza watu watakujazia maneno yao, na huenda yakamwangukia mtu asiye na kosa. Na ukiwa wewe ndiye mwenyeji, mgeni akifanya jambo la ajabu, muulize siku ile ile. Mimi niliona haya kuuliza Jumatatu, na neno moja la Jumatatu lingetuepusha na ya Jumatano. Tena ukimkosea mtu, au akikosewa mbele yako, usitafute cha kupita pembeni kama lile dafu langu. Kaa mkekani kwake. Kula chake. Enda na njaa ya kweli, utajulikana, hata kama mna lugha mbili na dini mbili.

Mungu akupe mlango wa kupokewa kila uendako, na ulimi mwepesi kueleza usichoweza. Akujaalie mkono usiotiliwa shaka, na chungu ambacho watu watakiamini hata kwa wagonjwa wao. Amin.