Jina Lililofungwa Ghorofa ya Saba

Kilio kimoja, chembamba, kilipenya ukuta usiku. Kukhu, mama yake baba, aliyekuja Toronto kututembelea kutoka Bungoma, akaketi kitandani. "Huyo haumwi," akasema. "Analilia jina."

Nilipokuwa mtoto tuliishi Agincourt, ghorofa ya saba. Jirani yetu Malua alitoka kisiwa kidogo cha Pasifiki, na lugha yake ilikuwa ya kisiwa hicho tu. Mjini kote hakuwa na wa kuongea naye lugha hiyo ila kichanga chake. Mumewe alifariki kabla mtoto hajazaliwa.

Kwetu Waluhya, mtoto asiyenyamaza huitiwa majina ya wafu wa ukoo. Analonyamazia ndilo lake. Asubuhi Kukhu alinishika mkono, tukabisha hodi. Nikawa mkalimani kati yake na Malua, aliyejua Kiingereza kidogo, mimi niliyezoea kumjibu Kukhu kwa Kiingereza!

"Mwambie amwite mtoto jina la baba yake," Kukhu akasema.

Malua akaziba mdomo kwa kiganja. Kwao, alieleza, jina la marehemu hufungwa, halitajwi. Dada wa marehemu ndiye hulifungua, kwa lugha yao, baada ya kumlisha mjane samaki kwa mkono wake. Akilitaja mwingine, marehemu hugeuka njiani, asiwafikie wazee wake. Wifi yake alikuwa ameahidi kuja Jumamosi.

"Basi ageuke, aje ambembeleze mwanawe!" Kukhu akafoka.

Hilo sikuthubutu kulitafsiri.

"Muulize, huyo wifi yake asipokuja?"

"Mwanangu atakua bila jina la baba yake," Malua alijibu.

Jumamosi nilingoja mbele ya lifti, moyo ukidunda kama isukuti, ngoma ya kwetu. Milango ikafunguka, akatoka mwanamke mrefu mwenye koti la kuazima. Alitamka neno moja tu la kwao, na Malua akafumka! Maneno yakamwagika, yakapanda, yakashuka, yakacheka, yakalia. Siku zote nilidhani ni mtu wa kimya. Kumbe alikosa wa kusema naye.

Leo, nikiwa mtu mzima, naona kwamba Kukhu na Malua walipingana karibu katika kila jambo: huyu jina aliliita, yule alilificha. Lakini wote wawili walijua kwamba jina la mtu ni mzigo, na halibebwi na mmoja.

Jumamosi ile shangazi wa mtoto alimega samaki, akamlisha Malua tonge kwa tonge. Kisha akampakata mtoto. Kukhu, mbishi yule, akasogea kusikiliza. Shangazi akainama hadi sikioni pa mtoto, akavuta pumzi.

"Velamo," akasema. "Mwana wa Velamo."