Siku Baba Alipomwaga Rubisi

Baba yangu alijua kutengeneza rubisi kuliko mtu yeyote pale Kaisho, na hilo hata waliomchukia walikiri. Alivundika ndizi za pombe shimoni, zikiiva akazikanyaga kwa miguu pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa kukamulia, gogo lililochongwa alilorithi kwa babu. Yale maji matamu aliyatia mtama wa kukaanga, yakaumuka, yakawa pombe. Watu walikuja na vibuyu kutoka vilima vya mbali. Shida ni kwamba mnywaji wake mkubwa alikuwa yeye mwenyewe.

Sipambi maneno: baba alikuwa mlevi. Si mlevi wa kupiga watu, alikuwa mlevi wa kuanguka. Mama alimfuata huko kwenye karamu akamrudisha mgongoni, mtu mzima na mwili wake wote, miguu ikiburuta chini. Sisi watoto tulikuja nyuma na fimbo yake. Akishamlaza, mama aliketi kuchambua maharage bila kusema neno, na mimi nilikuwa nachukia ule ukimya wake kuliko ulevi wenyewe.

Miaka ile baada ya vita, Wakristo waliookoka walipokuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakihubiri, baba alisimama kanisani akasema anamfuata Yesu na hatakunywa tena. Watu waliguna. Mimi nilijua ni maneno tu, ndizi zikiiva tutamwona. Ndizi ziliiva, zikaozea migombani, naye akapalilia kahawa yake. Jioni akawa anakula na sisi. Loo, kumbe baba alikuwa mtu wa mizaha! Aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya ajabu, mama akamwambia awahurumie ng'ombe. Hatukuwa na kitu chochote kipya nyumbani, shuka zile zile, chungu kile kile, lakini kilikuwa ni kipindi cha raha.

Basi, nikachumbiwa na kijana wa Rugu. Nilimpenda, nalisema wazi. Alikuwa yatima, na aliyemsimamia alikuwa baba yake mkubwa, mzee mkali aliyekwenda kanisani Krismasi na Pasaka tu. Na kwetu mila ilikuwa hii: siku ya kumtoa binti, baba yake anatangulia kuonja rubisi kwenye kibuyu, kisha anampa mzee wa upande wa mume. Huyo akinywa, binti ametoka. Kibuyu kisipopita, hata mahari iwe imekamilika, binti yuko kwao.

Baba akasema, "Nitakamua togwa ya ndizi, tamu tupu, isiyochachuka. Mtama sitii."

Alikanyaga ndizi siku moja kabla ya siku waliyoahidi wageni. Mvua ikanyesha, mito ikajaa, wageni wakakwama njiani. Walipotuma habari kwamba wanakaribia, mama alifunua majani ya mgomba yaliyofunika mtumbwi, na povu lilikuwa limejaa mpaka ukingoni. Gogo lile lilikuwa limekunywa pombe tangu enzi za babu, machicha yamejaa kwenye kila ufa. Asiyetia mtama alikuwa baba. Mtumbwi ulijitilia wenyewe.

Baba aliinama akanusa. Nilimwona anameza mate.

"Hii ndiyo nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza," akasema taratibu.

Nikamwambia, "Baba, si wewe uliyeichachua. Onja tone moja tu, niolewe. Yesu mwenyewe alikwenda arusini akawapa watu divai!"

"Yesu hakuanguka mtaroni, mwanangu. Mimi huwa naanguka. Tone moja kwangu halipo."

Akauinamisha mtumbwi, rubisi yote ikaenda migombani. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Nilimwambia Mungu kwa sauti kabisa kwamba ameninyang'anya mume. Mbuzi wa jirani alikuja akanywa kwenye dimbwi, akaanza kuyumba uani, wala hakuna aliyecheka.

Wageni wakafika na pua zao. Walitafuna buni za kahawa tulizowakaribisha nazo kwenye kikapu kidogo, kama desturi yetu, wakangoja. Kisha baba mkubwa akasema, "Mkwe, boma zima linanukia rubisi. Mbona unatuficha?"

Nilikuwa nyuma ya pazia la matete, nasikia kila kitu. Baba aliwaeleza yote: mtumbwi, mvua, povu, kumwaga. Kisha akajaza kibuyu maji ya kisimani, akanywa, akamnyooshea yule mzee.

"Maji?" mzee akasema. "Binti anatolewa kwa maji, kama mtu anayekoga? Vijana, inukeni, twendeni."

Nikasikia fimbo zinaokotwa.

Ndipo mama akatoka. Kwetu mwanamke hakuwa na kazi kwenye kikao kile, akatoka hivyo hivyo na mikono yenye unga. Alipiga magoti mbele ya yule mzee kwa adabu zote.

"Shikamoo, mkwe. Naomba neno moja. Huyu mume wangu nilimbeba kwa mgongo huu. Mvua inanyesha, nambeba. Nina mimba ya huyo binti mnayemtaka, nambeba. Tangu alipomfuata Yesu, anatembea mwenyewe. Mkitaka anywe ili mpewe binti, atakunywa, kwa maana anampenda sana. Lakini mtakaa hapa mpaka alewe, na leo mtambeba ninyi."

Baba alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi nilijua kwa mara ya kwanza kile mama alichokuwa akikichambua pamoja na maharage.

Yule mzee alimtazama mchumba wangu. Mchumba wangu akasema, "Baba mkubwa, kunywa. Mimi ndiye ninayeoa."

Mzee akakipokea kibuyu. Alikunywa huku amekunja uso kama mtoto anayenyweshwa dawa, akasema maji yetu yana ladha ya matope. Kweli yalikuwa na matope, mvua ilikuwa imechafua kisima. Lakini alikunywa, na kibuyu kikapita mtu hadi mtu.

Niliondoka kwenda Rugu siku ile. Tumelima migomba, tumepata watoto, tumegombana kuhusu mbuzi na kuhusu ndugu zake. Siku nyingi sikuona la ajabu katika kumfuata Yesu: kuamka, kusali, kulima, kupika, kulala. Wageni wa arusi zetu tumewapa maji ya kisimani, na walionong'ona wamenong'ona. Sasa mume wangu ni mzee na anatembea polepole, ila anatembea mwenyewe. Na mgongo huu wangu haujabeba mtu yeyote ila watoto.