Nani Ametia Maji?

Chupa ilikuwa na maneno mawili tu, na yote mawili yalikuwa ya kweli: ASIDI DHAIFU. Chini yake tarehe, na chini ya tarehe saini ya Mama Siki, mkia wake umejikunja kama wa paka aliyeshiba. Bwana Mkuu aliisoma lebo ile mbele ya mgeni wake, akaisoma tena, kisha akatabasamu kama mtu aliyeokota pochi.

"Kaandika mwenyewe," akasema. "Kwa mkono wake!"

Lakini tusianze na Mkuu. Wakuu huja na kuondoka. Shule ile ilikwishawaona sita, na wote sita waliikuta maabara ikinuka siki, na ndani yake mwanamke mwenye koti jeupe lililokosa kifungo cha pili.

Miaka ishirini na minne iliyopita aliajiriwa kufagia. Mwalimu wa kemia wa siku zile alifundisha akiutazama ubao, kwa hiyo hakujua kwamba nyuma ya darasa mfagiaji anapangusa meza moja kwa dakika arobaini. Meza iling'aa, na mfagiaji naye akang'aa. Mwaka wa tano akakabidhiwa ufunguo wa kabati la kemikali, kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyejua unakofichwa. Cheti hakuwa nacho. Walimu waliokuwa navyo walikuja saba, wakaondoka saba, na kila aliyekuja aliuliza swali lilelile siku ya kwanza, kwa sauti ya chini ili wanafunzi wasisikie: "Mama, hii huchanganywaje?"

Aliwaonyesha. Ila alikuwa na sheria moja ambayo hakuna shahada iliyoivuka: aliyechanganya aandike nini, lini, na nani. "Chupa isiyo na saini ni mtoto asiye na mzazi," aliwaambia. "Ikilia usiku utampelekea nani?" Mwalimu mmoja aliyejifanya kusahau alirudishwa kutoka kituo cha basi, mkoba begani, kuja kusaini maji ya chokaa.

Sasa, Mkuu. Alikuja na tai tatu na shahada ya uongozi, na imani moja kuhusu dunia: kitu chochote hafifu kimeibiwa. Uji mwepesi, umetiwa maji. Wino mwepesi, umetiwa maji. Jumatatu ile alimleta mkaguzi wa elimu maabara, waone somo. Mwalimu wa kemia, kijana aliyekuwa bado kwenye miezi ya kujaribiwa kazini, akachomeka vijiti viwili vya kaboni, vilivyofungwa waya wa betri na kitaa, kwenye bika ya kioo yenye asidi kali. Kitaa chekundu, ambacho Mama Siki aliking'oa kwenye redio mbovu, kikawaka mpaka wanafunzi wa mbele wakafumba macho. Akavisuuza vijiti, akavihamishia kwenye bika ya siki. Kitaa kikawaka kama jicho la mlevi asubuhi.

"Mbona hii inasinzia?" mkaguzi akauliza.

Lilikuwa swali zuri. Somo zima lilipangwa ili mtu aulize swali hilo. Kijana akafungua mdomo ajibu, ila Mkuu alikwishainyakua chupa ya ile siki na kusoma lebo.

"Dhaifu! Nani ameidhoofisha?"

Kijana akaufunga mdomo. Mtu akiwa kwenye kujaribiwa, sayansi humkwama kooni.

Jumatano Mama Siki akaitwa ofisini. Barua ilikuwa imechapwa tayari, fupi, na pengo la saini chini: *Mimi, mtunza maabara, nakiri kwamba nilitia maji asidi ya shule na kuifanya dhaifu.* Akisaini kabla ya Ijumaa saa nne, atastaafu mapema kwa barua ya shukrani. Asiposaini, atafukuzwa kwa wizi, na ufunguo wa kabati ataukabidhi mbele ya gwaride la wanafunzi.

Akaisoma mara mbili. Akatoa kalamu mfukoni, Mkuu akapumua.

"Maji nimetia," akasema Mama Siki.

"Vizuri sana, Mama. Ukweli humweka mtu huru."

"Na ile inayowaka vizuri nayo nimetia, kwa kipimo kilekile. Ndiyo kazi yangu, la sivyo watoto wangeungua vidole. Ila hapa kuna neno. 'Kuifanya.' Mimi sikuifanya dhaifu. Imezaliwa hivyo."

"Hilo ni neno tu, Mama."

"Na 'mwizi' nalo, Mkuu? Si neno tu?"

Akairudisha kalamu mfukoni, na barua akaondoka nayo.

Nyumbani, mumewe alikuwa kwenye meza yake ya kutengeneza saa, lenzi jichoni, kimya kama kawaida. Ukoo mzima ulimwita Bubu wa Saa. Dada yake, yaani wifi wa Mama Siki, alikuwa amekaa kitako kwenye kochi, na yeye alikuwa na maneno ya kuwatosha wote wawili.

"Saini, wifi yangu! Utashindana na serikali wewe? Mwenzako akinyolewa, wewe zako tia maji."

"Si ndiyo kesi yenyewe, wifi! Nimeshitakiwa kwa kutia maji, nawe wanishauri nitie tena?"

Wifi akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha akafuta macho. "Haya, niambie basi. Hiyo asidi yako ina ugonjwa gani?"

"Haina ugonjwa. Sikiliza. Asidi ni ndoa. Kila chembe ni mume na mke wameshikana. Umeme haupiti kwa walioshikana, unabebwa na waliotengana tu, wale wanaozurura. Hao ndio wanaitwa ayoni."

"Enhe."

"Sasa anakuja maji. Maji ni shoga mchonganishi. Anamvuta mke huku, anamvuta mume kule. Ile asidi kali, ndoa zake ni za karatasi: maji yakigusa tu, wote wameachana, hakuna aliyebaki ndani. Taa inawaka! Ile ya siki, ndoa zina mizizi. Kati ya mia mbili, anatengana mmoja. Na huyo mmoja hakai nje. Anarudi, anatoka mwingine. Anarudi, anatoka mwingine. Ukihesabu saa yoyote, walio nje ni walewale kwa idadi, lakini si walewale kwa sura."

Wifi akakaa wima. Yeye mwenyewe alikuwa amemrudia mumewe mara tatu, na sasa hivi alikuwa kwenye kochi la kaka yake na begi la nguo.

"Unanisema mimi?"

"Nasema siki."

"Unanisema mimi, wifi! Mimi ndiyo asidi dhaifu?"

"Wewe si dhaifu, ila mlango wenu hauna komeo."

Kutoka meza ya saa ukasikika mlio, kama chafya. Bubu wa Saa alikuwa anacheka. Lenzi ilimdondoka jichoni, akaiokota, akaifuta kwa shati.

"Na huyo mchonganishi," wifi akauliza, maana likimwingia jambo halimtoki, "asingekuja kabisa, ingekuwaje?"

Mama Siki akamgeukia. "Hapo asingetengana mtu," akasema polepole. "Taa isingewaka hata kidogo." Akasimama. Akakaa. Akasimama tena.

"Haya, lakini saini," wifi akasema. "Kwa ajili ya amani. Kaka, mwambie mkeo."

Fundi akairudisha lenzi jichoni. "Usisaini," akasema, na hilo ndilo likawa neno lake la wiki.

Ijumaa, saa nne kasorobo, walikuwa wanne wakimngoja Mama Siki maabara: Mkuu, mkaguzi, kijana wa kemia akiwa amejibana karibu na dirisha, na mwenyekiti wa wazazi, muuza nyama mmoja mnene aliyeitwa awe shahidi na aliyekuja kwa sababu hajawahi kumwona mwizi wa siki. Mama Siki aliifikia meza ya mbele, akaitandaza barua, pengo la saini likiwa jeupe vilevile.

"Kabla sijasaini au sijakataa," akasema, "Mkuu anisaidie jambo moja. Asidi ya mtu mwaminifu ni ipi?"

"Isiyotiwa maji. Hata tone!"

"Mwenyekiti, umesikia?"

"Nimesikia. Hata tone."

Akafungua kabati, akatoa chupa ya kahawia ambayo kizibo chake kilikuwa bado na utepe wa kiwandani. Siki halisi, ile mama ya siki zote, ambayo asubuhi ya baridi huganda kama barafu. Akawavalisha miwani wote, akafungua madirisha, akamtaka Mkuu aukate utepe kwa mkono wake mwenyewe, asije akasema baadaye kwamba chupa imechezewa. Mkuu akakata. Harufu ikapanda, muuza nyama akarudi hatua mbili akilia machozi na kusema, "Hii sasa ndiyo asidi! Hii haina utani!"

Mama Siki akamimina kidogo kwenye bika kavu. Akavipangusa vijiti vya kaboni vikakauka, akavitumbukiza.

Kitaa hakikuwaka.

Walingoja. Mkuu akakipiga kitaa kwa ukucha. "Kibovu."

Mama Siki akavihamishia vijiti kwenye ile asidi kali. Kitaa kikawaka kwa kelele zote za wekundu wake. Akavisuuza, akavikausha, akavirudisha kwenye siki halisi. Giza.

"Ndiyo hii uliyoitaka, Mkuu. Haina hata tone. Aminifu kabisa, imelala kabisa."

Akajaza kikombe cha kioo maji yaliyokenekwa, yale matupu yatokanayo na mvuke, akamsukumia Mkuu. Kwanza, kwa haki, akavichovya vijiti ndani ya maji yenyewe: kitaa kimya. "Maji peke yake, hakuna kitu. Siki peke yake, hakuna kitu. Sasa mimina."

"Mimi?"

"Mimi nikimimina nitaitwa mwizi."

Mkaguzi akakohoa kikohozi cha mtu anayeanza kufurahia kazi yake. Mkuu akashika kikombe. Akamimina kidogo, akamimina zaidi, na ndani ya kile kitaa ukatokea wekundu, mwembamba kama uzi, ukanona, ukasimama. Haukuwa mkali, lakini ulikuwepo.

"Mkuu ametia maji!" muuza nyama akapiga kelele, akapiga na meza. "Wazazi wote ni mashahidi! Mkuu katia maji, taa imewaka!"

"Ametia maji," akasema Mama Siki, "na hakuifanya dhaifu. Ilikuwa hivyo kabla ya yeye kuzaliwa. Na msidhani dhaifu ni pungufu. Itieni alkali, yule adui wa asidi: hao walioko nje wakimalizwa, wa ndani wanatoka kujaza nafasi, mpaka wa mwisho. Itaila alkali sawasawa na ile kali ya kipimo kilekile, tone kwa tone. Ina kila kitu. Haitoi vyote kwa kelele tu."

Mkuu akageuka dirishani, kwa mtu pekee mwenye cheti. "Mwalimu! Hivi ndivyo?"

Kijana alitazama viatu vyake. Miezi yake ya kujaribiwa ilikuwa imebaki miwili. Kisha, mmoja kati ya mia mbili, neno likamtoka.

"Ndivyo. Na ndivyo ilivyokuwa Jumatatu. Nilijua, nikanyamaza."

Mkaguzi akaichukua ile barua mezani, akaisoma kana kwamba anasoma menyu ya hoteli asiyoipenda, akaikunja, akaitia kwenye mkoba wake pamoja na jina la aliyeichapa. Mkuu akalegeza tai. Mkuu akasema, kwa sauti ya mtu mwenye haraka, kwamba kumetokea kutoelewana kwa kilugha, na kwamba kuanzia sasa lebo ziandikwe neno jingine, la heshima zaidi, lisilochanganya wageni.

"Neno ni hilohilo," akasema Mama Siki. "Wageni wajifunze."

Alikuwa amekwishamimina ile ya kwenye bika ndani ya chupa safi na kubandika lebo nyeupe. Aliandika taratibu, kwa herufi kubwa, ASIDI DHAIFU, akaweka tarehe. Kisha akaizungusha chupa ikamkabili Mkuu, akatoa kalamu yake mfukoni, ileile, na kuilaza kando yake.

"Aliyechanganya," akasema, "husaini."

Mkuu akamtazama mkaguzi. Mkaguzi akatazama dari. Muuza nyama akasogea karibu ili aone vizuri.

Saini ya Mkuu ni fupi, haina mkia. Chupa ingalipo kabatini, rafu ya pili, na ufunguo uko mahali pake pa siku zote.