Kofia Niliyoitoa kwa Mkono Wangu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, mnaonijua kama nyanya wa kanisani tu, jueni nilitunza stoo ya timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo kimoja hapa Birmingham, Uingereza, miaka mingi, na sikuiacha kwa furaha.

Siku ya kwanza, Msimamizi wa Stoo alinikabidhi funguo kabla hata ya kuniuliza jina. Nilikuwa nimetoka kufua mashuka ya hospitali, nikadhani nguo ni nguo. Kumbe mpira huu wa Kimarekani ni vita. Wanaubeba mikononi na kuangushana. Jezi tulianza kuzifua kwa maji baridi, kwa sababu ya damu. Helmeti, ile kofia ngumu yenye vyuma mbele ya uso, tuliipima: vidole viwili juu ya nyusi, basi.

"Mama," Msimamizi aliniambia, "mtu akigongwa kichwa, helmeti yake unaifungia kabatini mpaka daktari aseme." Bila helmeti hachezi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu hasa.

Msimamizi alipohama, akaja Kocha Mkuu mpya. Akatundika picha ya timu ya chuo cha Marekani, ya zaidi ya miaka mia iliyopita, wengine kichwa wazi, wengine na vikofia vya ngozi.

"Hawa walikuwa wanaume. Msimu mzima hakuna aliyelalamikia kichwa."

Msimamizi alishaniambia kwamba enzi zile vijana walifia uwanjani. Nikauliza, "Na waliokufa wako wapi kwenye picha?"

Alinitazama kana kwamba fagio limeongea.

Mechi ya mwisho ya msimu, mchezaji wetu Pascal, Mkongo wa mtaa wa Newtown, aligongwa kichwa. Alikuja benchi akanisalimia upya, kama hatukuonana asubuhi. Nikafungia helmeti yake kwenye kabati la kando ya benchi. Daktari alikuwa ng'ambo ya uwanja na mchezaji mwingine aliyevunjika kidole. Kocha akaja mbio.

"Mama, fungua."

"Daktari hajasema."

"Pascal, unaweza?"

"Naweza, Kocha. Mama, niko bien, niko sawa, nipatie tu."

"Umesikia? Wewe kazi yako ni kufua."

Nikafungua. Naandika hivyo msije mkadanganywa: mkono ulikuwa wangu. Akarudi uwanjani, na alipoangushwa tena, hakuinuka.

Hakufa, namshukuru Mungu. Lakini mpaka leo mwanga wa dirisha unamuumiza, na masomo ya uhandisi aliyaacha. Nilipokwenda kwao kumwona, mamake alinifungulia mlango, akanipa chai, hakunilaumu, na hilo ndilo liliniumiza zaidi. Chuo kikasema ni bahati mbaya. Bahati mbaya inafungua kabati? Kocha akapandishwa cheo. Mimi nikarudisha funguo.

Kustaafu kumenipa muda wa kukasirika vizuri. Juzi mjukuu wangu alianguka kwenye ngazi hapa Kings Heath, akagonga kichwa. Babake akamwinamia: "Unaweza kwenda shule?" Akajibu, "I'm fine."

Nikaacha sufuria jikoni, nikawaita wote sebuleni.

"Nyumba hii, aliyegongwa kichwa haulizwi kama anaweza. Mkalisheni."