Maharage Yaliyolala Kikapuni

Wewe unayenisikiliza, sogeza kigoda, maana habari hii huwa nacheka kabla sijaimaliza.

Nilikuwa bi harusi wa wiki tatu, nikiishi Itetemia, na mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Nzega kula chakula changu kwa mara ya kwanza. Sikutaka arudi akasimulie kuwa mwanawe kaoa mtu asiyejua jiko. Nikachagua maharage mekundu makubwa. Sifa zake nilizijua: protini ya kujenga mwili, madini ya chuma ya kuongeza damu, nyuzinyuzi za kusaidia tumbo. Niliyaloweka tangu jana yake, nikamwaga maji yale, nikabandika.

Nikaharibu kwenye kikapu. Ni kile kikapu kipana kilichoshonewa sponji ndani. Sufuria ikishachemka unaitia humo, unafunika, chakula kinaendelea kuiva bila mkaa. Mimi niliona povu la kwanza tu nikaepua, nikafunika, nikaenda kupiga deki huku naimba.

Saa sita mchana akaingia wifi yangu, mpishi wa shule, akafunua.

"Wifi, haya yamechemka muda gani?"

"Yamelala humo tangu saa mbili."

"Sijauliza yamelala wapi."

"Mpaka povu."

Alicheka mpaka khanga ikamfunguka. "Unataka kumwua mama yangu urithi vitenge?"

Nikaminya punje, nikamwonyesha ilivyolainika.

"Kulainika siyo kuiva," alisema. "Haya mekundu yana sumu yake ya asili. Joto la kikapu haliiondoi, inataka mchemko wa nguvu. Ukila hivi, baada ya saa chache unatapika na kuharisha."

Hatujamaliza, hodi. Mama mkwe huyo mlangoni, vumbi la safari hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nina njaa, pakua."

Wifi akatazama dari. Ningeweza kupakua; yalinukia vizuri kweli.

"Mama, hayajaiva," nikasema. "Nikikupa sasa utaumwa."

Akavua viatu. "Mke wa mwanangu mkubwa alinipa wali mbichi siku ya kwanza. Nikala kwa adabu, nikaumwa tumbo kwa adabu. Lete kipepeo."

Tukabadilisha maji, mama mkwe akapepea mkaa mwenyewe, na maharage yalipoanza kurukaruka sote watatu tulikuwa tunayashangilia kama timu yetu imefunga. Tulikula saa kumi, na nazi. Mama mkwe aliongeza mara mbili, akaniambia kikapu hakina kosa, ila nilikipa kazi ya moto.

Kwa hiyo nawe: loweka maharage mekundu usiku kucha, mwaga maji hayo, tia mapya yafunike punje, yachemshe kwa moto mkali nusu saa nzima, ndipo upunguze moto au uyatie kikapuni mpaka yaive kabisa.