Taa za Ukungu Katika Hangari ya Bwiza

Mume wangu alikuwa dereva wa lori, na kama madereva wote niliowahi kuwajua, alitaka lori lipendeze kwanza, kazi baadaye. Kwa kawaida nilimwacha na ulimbwende wake. Safari hii sikumwacha, kwa sababu nilikuwa nimejifungua mtoto wangu wa kwanza na mama yangu alikuwa hajamtia machoni.

Kwetu aliyejifungua huletewa pombe na chakula na watu wake, ndiyo guhemba, na mama mzazi ndiye hutangulia. Mama yangu alikuwa Bugarama, juu mlimani kwenye ukungu, na vita vilikuwa vimetutenganisha. Magari yalipanda kwa msafara tu, yakisindikizwa na askari. Majuzi dereva mmoja alipotewa na gari la mbele katika ukungu, akasimama, na wote waliomfuata wakabaki peke yao barabarani. Walinusurika, lakini madereva wakakubaliana kwamba lori lisilo na taa nzuri za ukungu halipandi. Zetu zilikuwa hafifu kama kibatari. Bila taa mpya, simwoni mama.

Basi mume wangu akamleta fundi wa umeme, Mkongomani wa Uvira, mtu wa vicheko. Akaleta taa mbili kubwa za halojeni, za manjano, na waya mnene ili usiungue. Wakazifunga wapi? Juu ya paa la kabini, eti huko ndiko zinaonekana!

Kuzijaribu kulihitaji giza, na usiku kuwasha mwanga mkali nje kulikuwa kujitafutia risasi. Tukaliingiza lori mchana katika hangari ya kuhifadhia mawese pale mtaani kwetu Bwiza, tukafunga milango na kuziba nyufa kwa magunia. Majirani nao wakaingia, nani angekubali kupitwa? Taa zilipowaka, ukuta mzima uling'aa na wanawake wakapiga vigelegele.

"Mama, ona! Sasa nitaona mupaka Kigali!" mume wangu alipiga kelele kutoka kwenye usukani.

"Kigali utaiona, Bugarama apana," nikamjibu. "Mi nimezaliwa mu ukungu. Baba alikuwa anabeba taa chini, kwa magoti. Ukiipandisha, mwangaza unakurudilia mu macho."

Wanaume wakacheka. Mimi hasira zangu ziko karibu, na kubishana sikuwezi. Nilimpa jirani mtoto akamtoe nje, nikavuta jiko la mkaa mbele ya lori, nikalirundikia majani mabichi ya mkaratusi. Moshi ukatanda hangari nzima.

"Mama, unataka kutuua?" fundi aliuliza akikohoa.

"Washa!"

Mume wangu akawasha. Mbele ya kioo pakawa na ukuta wa manjano, naye hakuona hata pua ya lori lake. Fundi akapanda, akafungua taa moja, akashuka nayo ikiburuta waya, akaishika chini ya bampa. Mwanga ukapenya chini ya moshi, tukaona miguu: kandambili, viatu vya kanisani, soksi moja yenye tundu, yote ya majirani waliokuwa wakikohoa. Mguu mmoja ukaanza kucheza, mwingine ukaujibu, mara hangari yote inacheza. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Katika miaka ile ya kuongea kwa kunong'ona, sikumbuki furaha nyingine iliyonipata kwa kishindo namna hiyo.

Taa zikahamia chini siku hiyohiyo, na madereva wenzake wakamkubali mume wangu. Alipanda na msafara uliofuata kumchukua mama. Siku ya kurudi nilisimama kwenye maegesho, mtoto mikononi, hadi nikaliona lori na kichwa cha mama kando ya mume wangu.

Mama alishuka kinyumenyume, kibuyu cha pombe kimefungwa mgongoni. Nikamnyooshea mtoto. Hakumpokea. Alimsogeza kando polepole, akanishika mimi uso kwa mikono miwili, akaniambia kwa Kirundi kwamba na mjukuu watazoeana tu, lakini mwanawe ni mimi, na alikuwa ameshanililia, akidhani vita vimeniua.