Kadi ya Wakio Niliijaza Mimi

“Dada yangu alikuwa nesi, alichanjwa mara mbili, na korona ikamuua. Sasa niambieni, chanjo hiyo inamkinga nani?”

Hayo husemwa na kaka wa marehemu rafiki yangu kila penye watu, kuanzia matangani Wusi hadi vibandani Miasenyi, huku ameinua kadi ya chanjo ya dadake. Anasema uongo bila kujua. Mimi najua. Admin, ficha jina langu, anayehusika atanitambua.

Nina miaka arobaini na tisa, ni nesi katika kituo cha afya nje ya Voi. Sikatai ukweli: nilichanjwa na bado nikaambukizwa. Kinga hupungua miezi ikipita, na sisi hukoholewa usoni kutwa nzima. Lakini niliumwa wiki moja nikarudi kazini. Anayesema hiyo ni sawa na kutochanjwa hajawahi kumshikilia mtu oksijeni akikata roho.

Huyo rafiki yangu, nimwite Wakio, alikuwa ananyonyesha, akaogopa chanjo. Manesi tulitakiwa tuchanjwe kwanza ili watu waliopanga foleni nje watuone, waache hofu. Akanivuta nyuma ya pazia.

“Shoga yangu, nijazie kadi tu.”

“Na dozi niipeleke wapi? Kichupa kishafunguliwa.”

“Mwaga kwa pamba. Wewe na ukali wako wote, unaogopa pamba?”

Tukacheka. Nikamwaga. Akatoka ameshika bega, watu wakampigia makofi. Dozi ya pili hakuhitaji hata kuniomba.

Tulimzika Wakio, mtoto wake akiwa hajaanza kutembea. Sijui kama chanjo ingemwokoa. Najua hakuipata.

Sasa kikohozi kimerudi. Manesi wetu wawili vijana wamekataa chanjo. “Sista, kama Wakio haikumsaidia, sisi ni nani?” mmoja aliniuliza, na ana mimba ya miezi saba. Nikajifanya nahesabu sindano. Jana alikohoa zamu nzima akizalisha akina mama, na leo hakuja kazini. Simu yake haishikwi.

Nikisema, leseni yangu imekwenda, na mama yake Wakio atamzika bintiye mara ya pili. Kwa hiyo sitaki ushauri wala pole za mtu.

Wewe, kaka wa Wakio, nakudai jambo moja. Kesho asubuhi ilete hiyo kadi kituoni, uiinue mbele ya manesi wote kama ulivyozoea. Kisha uniulize mwandiko huo ni wa nani.